Ekseli Nne, Mabamba Mawili: Tozo za Barabara kwa Anayesafiri na Gari-Nyumba

Bahasha ya kwanza haikuletwa kwetu. Ilipelekwa Columbus, Ohio, kwenye nyumba ambayo binti yetu mkubwa alikuwa amekwisha kuihama, ikakaa huko pamoja na nyingine mbili zilizoifuata, mpaka mpangaji mpya alipochoka kuzitazama na kumtafuta mwenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, miezi minne tangu turudi safarini, simu ilipoita. "Shikamoo Baba," alisema, na bila kuuliza habari za nyumbani akaendelea, "lile gari langu mlilipitisha wapi? Nadaiwa tozo za barabara ambayo mimi sijaikanyaga." Nilimwomba anitumie picha za ankara hizo. Katika kila moja kulikuwa na picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyopigwa kutoka juu na kwa nyuma: buti la gari dogo, taa mbili za sumaku tulizobandika juu yake ili walio nyuma yetu waone tunapofunga breki, na bamba la namba likisomeka vizuri herufi kwa herufi. Gari-nyumba letu la mita tisa, ambalo ndilo lililokuwa likilikokota gari hilo, halikuonekana ila ukingo mweupe wa ukuta wake wa nyuma.

Nieleze kwanza jinsi tunavyosafiri. Mke wangu na mimi tunaishi Maryland. Nilipostaafu tulinunua gari-nyumba lililotumika, yaani gari lenye injini yake ambalo ndani lina kitanda, jiko, friji na choo, na kwa kuwa gari refu kiasi hicho haliingiliki sokoni wala haliegesheki mbele ya nyumba ya ndugu, tunakokota nyuma yake gari dogo, magurudumu yake yote manne yakiwa chini, ili tukifika kambini tulifungue na kulitumia kwa mizunguko ya mjini. Gari-nyumba lina ekseli mbili, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu ya kushoto na ya kulia, gari dogo lina ekseli mbili, jumla nne. Hilo gari dogo binti yetu alituachia alipohamia Chicago, kwa sababu huko treni na basi vinamtosha, nasi hatukuona haraka ya kubadilisha umiliki. Liliendelea kuwa na jina lake na anwani yake ya Columbus, na tukalifunga nyuma ya gari letu kana kwamba ni begi la safari.

Ekseli si neno geni kwangu. Ujanani niliendesha lori la pamba kutoka Shinyanga kwenda Dar es Salaam, na kila dereva wa njia ile anaijua mizani: unapanda taratibu, ekseli zinapimwa, na kinachokuponza ni uzito. Kwa hiyo nilipopiga hesabu ya tozo za safari yetu ya kwanza nilijiambia kwamba gari dogo tupu, lisilo na mtu wala mzigo, haliwezi kuongeza kitu cha maana. Nilikosea, kwa sababu barabara nyingi za tozo za Marekani hazikuulizi umebeba nini. Zinahesabu ekseli zinazogusa lami. Kwenye Florida's Turnpike, barabara kuu ya tozo ya jimbo la Florida, kanuni ni kuchukua idadi ya ekseli, kutoa moja, kisha kuzidisha kwa tozo ya gari la ekseli mbili. Gari la kawaida, mbili toa moja, linalipa mara moja. Sisi, nne toa moja, tunalipa mara tatu. Palipo na dola 2 kwa gari la kawaida, sisi ni dola 6, na gari dogo tupu linalotufuata nyuma ndilo linaloleta dola 4 kati ya hizo.

Kwingine kimo nacho kinahesabiwa. Barabara ya New York State Thruway inagawa magari kwa idadi ya ekseli na pia kwa kimo, mpaka ukiwa futi 7 na inchi 6, na kila kundi lina namba ya ekseli ikifuatwa na herufi L kwa gari fupi au H kwa gari refu kwenda juu. Gari-nyumba letu linapita kimo hicho kwa mbali, kwa hiyo huko sisi ni 4H. Ohio nao wanatazama kimo, lakini wanakitazama juu ya ekseli mbili za kwanza, jambo linalomfaa mtu anayevuta tela refu kwa pikapu na lisilotusaidia sisi hata kidogo, maana refu letu ndilo lililo mbele. Pennsylvania, ambako barabara ya tozo ilifunguliwa mwaka 1940, walitumia makundi ya uzito kwa miaka mingi, kisha mwezi Januari 2025 wakahamia kwenye ekseli na kimo. Ninayataja haya yote kwa sababu anayepanga bajeti ya safari kwa kutazama jedwali la jimbo moja na kudhani kwamba majimbo jirani yanafanana nalo atashangaa, na mara nyingi mshangao huo unakuja baada ya wiki kadhaa, kwa posta.

Unakuja kwa posta kwa sababu mahali pengi dirishani hapana mtu tena. Massachusetts waliondoa vibanda vya fedha taslimu kwenye barabara yao kuu mwaka 2016, Pennsylvania na New York State Thruway wakafuata mwaka 2020. Nilipokwenda likizo nyumbani nilivuka Daraja la Nyerere pale Kigamboni, na mtoza ushuru alilitazama gari nililokuwemo, akataja kiasi, na kama angekosea ningemwambia papo hapo. Huku unapita chini ya tao la chuma lililovuka barabara nzima, kwa mwendo wako ule ule, na juu yako kuna antena inayotafuta tagi, yaani kifaa kidogo kinachounganisha gari na akaunti ya malipo, vihisio vinavyopima umbo la gari na kuhesabu ekseli, na kamera inayopiga bamba la namba. Hakuna kengele wala taa. Hujui kama umesomwa, na kama umesomwa hujui umesomwa kama nini.

Tagi yetu ni ya E-ZPass, mfumo ulioanza New York mwaka 1993 na ambao leo unatumika kuanzia Maine hadi Florida, na upande wa magharibi mpaka Illinois na Minnesota. Florida wana SunPass yao, lakini tangu 2021 barabara ile kuu inaipokea E-ZPass, na ndiyo maana hatukununua tagi ya Florida. Mtu anayeelekea Texas au California ajue kwamba tagi hii haitambuliki huko. Ni kisanduku cheupe cha plastiki kinachoenea kiganjani, nacho hubandikwa kwenye kioo cha mbele. Nilikibandika mahali ambapo nimezoea kukibandika kwenye gari dogo, juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kioo cha mbele cha gari-nyumba ni kikubwa kama dirisha la duka, kimesimama wima, na ukingo wake wa juu uko juu mno kutoka barabarani. Katika safari ile ya kwanza matao mengi yaliisoma tagi, lakini matao matatu ya mamlaka moja hayakuisoma.

Hapo ndipo bamba linapoingia. Tagi isiposomwa, kamera inakuwa shahidi pekee, na bamba likiwa limeandikishwa kwenye akaunti yako ya tagi, mamlaka nyingi hukata tozo humo humo bila kukutumia ankara. Lakini yapo majimbo, kama Florida na Pennsylvania, ambayo magari yake yana bamba la nyuma tu, na hivyo picha inayotegemewa ni ya nyuma. Kwa msafara wetu, nyuma ni gari dogo. Bamba la gari-nyumba, nililoliandikisha kwa uangalifu nilipofungua akaunti, lilikuwa limefichwa na pua ya gari linalokokotwa. Bamba lililoonekana halikuwa kwenye akaunti yetu, na mashine ikafanya ilichopaswa kufanya: ikamtafuta mwenye bamba hilo, ikampata binti yetu, ikamtumia deni la ekseli nne kwa kiwango cha wasio na tagi, ambacho ni cha juu zaidi, na alipokaa kimya ikaongeza ada ya ucheleweshaji, kisha ada nyingine. Ankara ya tatu ilisema kwamba deni lisipolipwa anaweza kuzuiwa kuhuisha usajili wa gari.

Nilikaa na jambo hilo usiku kucha. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi kiasi cha kutuumiza, lakini mtoto wangu alikuwa anakaribia kuwekewa alama ya mdaiwa sugu kwa safari ambayo wazazi wake waliifanya wakiwa na salio kwenye akaunti.

Asubuhi mke wangu, ambaye alifanya kazi ya uhasibu miaka mingi na hana hofu ya simu ndefu, alichukua daftari na kuipigia simu mamlaka ile. Yule mhudumu wa kwanza alimwambia alipe kwanza, alalamike baadaye. Wa pili, siku ya pili, alisikiliza. Aliomba namba ya tagi, tarehe, na mabamba yote mawili. Kisha akaeleza kitu ambacho ningependa kila anayekokota akisikie: akaunti inakubali mabamba zaidi ya moja, na bamba la chombo kinachokokotwa, kiwe gari, tela la mashua au tela la mizigo, linapaswa kuwemo kwa kipindi chote kinapokuwa nyuma yako. Wakati tela ni la kukodi, unaliandika kwa tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na ukisahau kuliondoa utamlipia anayelikodi baada yako. Mamlaka ile ilikubali kuhamishia tozo zile tatu kwenye tagi yetu kwa kiwango cha kawaida na ikafuta ada moja ya ucheleweshaji. Ada ya pili tuliilipa. Mke wangu bado anaamini kwamba haikuwa haki, nami nakubaliana naye, kwa sababu tagi hai yenye salio ilikuwa mbele ya kioo muda wote, na ankara haikumpa mwenye kuipokea namna yoyote nyepesi ya kueleza kwamba gari lililopigwa picha halikuwa likijiendesha.

Wiki ile ile tulibadilisha umiliki wa gari dogo na kuliandikisha kwa jina letu na anwani yetu. Tagi niliishusha, nikaibandika chini katikati ya kioo, na tangu hapo haijakosa kusomwa. Zipo pia gari-nyumba ambazo kioo chake kina utando wa metali wa kuzuia joto la jua. Hizo hata ukishusha tagi haisaidii, na mwenye nazo huomba tagi ya nje, ile inayofungwa kwa skrubu mbele ya gari penye nafasi ya bamba.

Nilidhani tumemaliza. Safari ya pili, tulipokwenda Florida kuwatembelea ndugu wa mke wangu, ikatuonyesha kosa la upande wa pili. Kutoka Maryland kushuka kusini kwa barabara ya I-95 unaweza kuvuka Virginia, North Carolina, South Carolina na Georgia bila kulipa tozo, mradi usiingie kwenye njia za haraka za kulipia, kwa hiyo akili ya kutazama akaunti ililala. Tulipoingia barabara ya tozo, taarifa ya akaunti ikaanza kuonyesha mistari miwili kwa kila tao: mmoja wa ekseli nne, na mwingine wa ekseli mbili, saa ile ile, dakika ile ile. Mke wangu ndiye aliyeliona, tukiwa kambini jioni, simu mkononi na chai mezani. Alinyamaza kidogo, akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwenye gari dogo na kurudi na tagi ya gari hilo, nayo iko kwenye akaunti yetu hiyo hiyo. Ilikuwa kwenye kioo, pale pale inapokaa tunapolitumia mjini. Tao lilikuwa limesoma tagi ya kwanza na kututoza kama msafara, kisha sekunde moja baadaye likasoma tagi ya pili na kututoza kama gari dogo linalosafiri peke yake.

Tagi inapotumwa kwako mara ya kwanza huja ndani ya mfuko wa rangi ya fedha unaozuia mawimbi. Watu wengi huutupa, na sisi tuliutupa. Kuiweka tagi kwenye droo ya dashibodi hakutoshi, kwani inaweza kusomwa ikiwa humo. Sasa tunao mfuko mwingine tuliouomba, na tagi ya gari dogo huingia humo kabla sijafunga chuma cha kukokotea, si baada, maana ukishafunga chuma, nyaya za usalama na waya wa taa, mikono imechafuka na akili iko njiani tayari.

Kuna njia moja ambayo mpango wa tozo kwetu huamuliwa na jiko. Gari-nyumba letu linabeba gesi ya propani ya kupikia na kupashia maji moto, na mahandaki mawili ya Baltimore yanayopita chini ya bandari, la I-95 na la I-895, hayaruhusu gari lenye mtungi wa gesi unaozidi ratili 10. Zamani wasafiri kama sisi walizunguka kwa Daraja la Francis Scott Key kwenye barabara ya I-695 na kulipa tozo yake. Daraja hilo lilianguka tarehe 26 Machi 2024 lilipogongwa na meli ya makontena, wakafa mafundi sita waliokuwa wakikarabati barabara usiku ule, na tangu siku hiyo tunazunguka upande wa magharibi wa I-695, ambako hakuna tozo lakini pana msongamano mkubwa. Kila nikipita kwenye mzunguko ule nawakumbuka wale mafundi, wahamiaji kama mimi.

Baada ya hapo, ukielekea kaskazini, tozo zinakuja zimebanana. Kipande cha I-95 cha Maryland, kile ambacho Rais Kennedy alikifungua tarehe 14 Novemba 1963, siku nane kabla hajauawa, kinatoza wanaokwenda kaskazini tu. Mara unaingia Delaware, ambako barabara ya tozo haina hata kilomita 20 lakini ina tozo yake. Daraja la Delaware Memorial unalivuka bure ukienda New Jersey na kulilipia ukirudi, halafu unaanza New Jersey Turnpike. Ni mamlaka nne tofauti katika mwendo wa saa chache, kila moja ikiwa na jedwali lake, na zote zinakata kwenye akaunti moja. Kwa gari la kawaida akaunti inayojiongezea salio kwa kiasi kidogo inatosha. Kwa ekseli nne salio linayeyuka mbio, na kama kadi ya benki iliyounganishwa imekwisha muda, akaunti inaingia deni ukiwa barabarani, tagi inahesabiwa kuwa haifai, na unarudi kule kule kwa kamera na bahasha. Tunaongeza kiasi cha kujaza salio mwezi mmoja kabla ya safari na kukirudisha tukifika nyumbani.

Nitaje na jambo la ujumbe wa simu, kwa kuwa limewaumiza watu tunaowafahamu. Mwezi Aprili 2024 FBI ilitoa onyo kuhusu ujumbe wa uongo unaodai kwamba mpokeaji ana deni dogo la tozo na alilipe kupitia kiungo alichotumiwa. Sisi tulipata ujumbe kama huo wiki chache baada ya mkasa wa Columbus, na kwa mtu ambaye ametoka kudaiwa deni la kweli asilolijua, deni la uongo linaaminika haraka. Mke wangu alikuwa amekwisha kushika kadi. Kilichomzuia ni kwamba ujumbe haukutaja namba ya bamba. Siku hizi hatugusi kiungo chochote. Tunafungua programu ya akaunti yetu wenyewe, na kama deni halimo humo tunaupuuza ujumbe.

Safari ya tatu, majira ya joto yaliyopita, tulikwenda maporomoko ya Niagara. Asubuhi ya kuondoka mke wangu alisimama mlangoni na simu, nikazunguka msafara mzima nikimsomea bamba la mbele, bamba la nyuma, namba iliyoandikwa kwenye tagi, naye akilinganisha na kilichomo kwenye akaunti. Mfuko wa rangi ya fedha nilimwonyesha kwa mkono kabla ya kuufungia kwenye kabati. Kila jioni alisoma taarifa mstari kwa mstari, na karibu yote ilikuwa sawasawa: tao moja, mstari mmoja, ekseli nne. Palikuwa na mstari mmoja tu uliosema ekseli tano. Alinituma nje na tochi nikaupige picha msafara kwa ubavu, magurudumu yote yakionekana, akaituma pamoja na malalamiko usiku ule ule kabla hatujalala, na siku ya kumi na mbili tofauti ya dola 2 na senti 85 ikarudishwa kwenye akaunti.